Ngao, Kiwango cha Tano

Jumamosi, 4 Mei

Kipara amekufa. Ni mhusika wa kaka yangu kwenye mchezo wetu wa karatasi na dadu, si mtu — lakini ukimwona kaka utadhani ametoka kuzika.

Niandike ilivyokuwa, labda kichwa kitatulia. Tulikuwa wanne kama kawaida, nyuma ya duka la Fundi Saa, baada ya yeye kufunga saa nane mchana. Fundi mwenyewe, ambaye ndiye anasimulia mchezo. Nesi. Kaka yangu kinyozi. Na mimi. Wahusika wetu wamefika mlangoni pa pango. Fundi akasema mwenye akiba ya pointi anunue uwezo sasa hivi, ndani hakuna kununua. Kaka alikuwa na pointi kumi. Akataka Ngao, kiwango cha tatu.

Hesabu yetu inajulikana, mimi ndiye niliyeipanga. Kila mhusika anazaliwa na pointi mia moja, na kila uwezo una viwango vitano. Cha kwanza pointi mbili, cha pili nne, cha tatu sita, cha nne nane, cha tano kumi. Huruki ngazi, unalipia zote ulizopanda. Kwa hiyo kiwango cha tatu ni mbili na nne na sita — kumi na mbili. Kaka ana kumi. Zimepungua mbili.

Akaniomba. Akasema Kipara apewe kasoro, awe anachechemea, maana kasoro inamrudishia mtu pointi. Nikamjibu kasoro huchukuliwa siku mhusika anazaliwa, si mlangoni kwa adui. Akasema, mdogo wangu, mbili tu. Nesi naye akadakia, mpe bwana, mbili ni kitu gani. Nikasema sheria ni msumeno. Fundi akacheka, akasema Mahesabu akishatamka hakuna rufaa. Mahesabu ndiye mimi.

Basi akanunua kiwango cha pili. Tukaingia, na jiwe la kwanza lililoanguka likamuua Kipara. Cha tatu kingelizuia.

Kaka alikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni, akaondoka bila kuaga mtu.

Jumatatu, 6 Mei

Hanisemeshi. Nyumba moja, choo kimoja, na tunapishana ukumbini kama wapangaji waliogombea maji. Akitaka chai anamwambia Mama, halafu Mama ananiambia mimi niliyekaa pembeni ya birika. Leo Mama amechoka. Kasema watu wazima wawili mnanuniana kwa ajili ya mtu wa karatasi, na mimi uzeeni nimegeuzwa spika.

Nikamwambia sikukosea. Akasema hajauliza kama nimekosea.

Jumatano, 8 Mei

Kaka amefunga saluni saa tisa. Kajilaza chumbani, mlango umekomewa. Hivi hivi alikuwa mwaka juzi, wifi alipoondoka na watoto. Miezi mitatu ni saluni na kitanda, kitanda na saluni. Fundi Saa ndiye aliyemvuta mezani. Wakamtengeneza Kipara pamoja, kinyozi shujaa asiye na unywele hata mmoja — Fundi akasema kinyozi hajinyoi, huyu kavunja methali. Siku hiyo nilimsikia kaka akicheka mpaka akakohoa, na mimi nikaenda chooni kulia.

Nayajua yote hayo. Lakini mbili ni mbili. Nikimpa yeye, kesho Nesi anadai, na jedwali linakuwa la nini?

Jumamosi, 11 Mei

Kaka hakuja. Kwenye kiti chake Fundi kaweka saa ya ukutani ya mteja, eti kiti kisipoe.

Pango limeporomoka. Mlango umezibwa, dari inashuka, na kinachoizuia ni kitu kimoja tu, Ngao yangu. Mhusika wangu anaitwa Mama Ngao na ana kiwango cha tano. Mezani hakuna mwingine mwenye cha tano. Kila zamu narusha dadu kuona kama Ngao inashikilia. Zamu saba leo, na zote imeshikilia. Nesi ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, kanishika mkono akasema bila wewe tungekuwa unga. Nilifurahi. Acha niseme kweli humu ndani kwa kuwa hakuna anayesoma, nilifurahi sana.

Mwishoni Fundi katangaza kuna watu wapya wanataka kujiunga, ila hawajui kupiga gharama za uwezo. Kaomba niinakili karatasi ya Mama Ngao kwa herufi kubwa, aibandike ukutani iwe mfano. Kwa sababu Mahesabu hakosei.

Jumapili, 12 Mei

Nimenakili. Kalamu nene, rula, karatasi ile kubwa tunayofungia vioo kazini. Nguvu, kiwango cha pili, pointi sita. Sawa. Macho Makali, kiwango cha tatu, kumi na mbili. Sawa. Ngao, kiwango cha tano, kumi.

Kumi?

Nimekaa chini. Nimejumlisha kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Mbili, na nne, na sita, na nane, na kumi. Thelathini. Nimerudia mara nne na mara zote ni thelathini. Nililipia ngazi ya juu peke yake, kana kwamba nilifika juu kwa kuruka. Mama Ngao ana pointi mia na ishirini. Wenzangu wote wana mia.

Na najua ilivyotokea. Karatasi hiyo niliijaza kazini, juu ya meza ya kukatia, huku Bosi ananisomea vipimo vya madirisha ya mteja. Za wenzangu nilizikagua mara mbili mbili ndipo nikatia saini. Yangu nani aikague? Mkaguzi ni mimi. Nyani haoni kundule.

Mwaka mmoja na nusu natembea na pointi ishirini zisizo zangu. Na kaka nimemnyima mbili.

Jumanne, 14 Mei

Nimekata kioo cha kabati, milimita tatu pungufu. Miaka sita hapa sijawahi hata moja. Bosi kasema kioo hakiungwi, chukua kingine, na mbona leo mwili uko hapa wewe hupo. Nikaenda kusimama kule nyuma kati ya vioo vilivyoegemezwa ukutani. Kila nikigeuka ni mimi huyo huyo, ananikodolea.

Nimewaza njia zote.

Nikisema — wataifanya Ngao iwe ile ninayoimudu kwa pointi kumi, yaani kiwango cha pili. Kama ya kaka. Dari inaanguka zamu ileile. Mhusika wa Nesi anakufa, naye anamcheza tangu chuo cha uuguzi. Mchezo unaisha kwa sababu yangu. Na yale mapambano yote tuliyoshinda kwa Ngao yangu yanakuwa uongo.

Nikinyamaza — karatasi inapanda ukutani.

Njia ya tatu nimeifikiria leo nikiwa na kikata kioo mkononi. Nifute kimyakimya uwezo ambao sijawahi kuutumia mezani, wala hakuna atakayeukumbuka, mpaka zitimie ishirini. Nimepekua karatasi nzima. Nimepata kumi na nane. Zimepungua mbili! Nimecheka peke yangu mpaka Bosi kachungulia.

Alhamisi, 16 Mei

Ile karatasi kubwa niliivingirisha nikaificha nyuma ya kabati la gundi, nikapanga kusema imelowa. Fundi Saa kaja mwenyewe kazini, hana simile. Nikaanza kusema bado sijamaliza. Bosi, kwa wema wake, kamwonyesha ilipo.

Fundi kaikunjua palepale juu ya meza, kaisoma kuanzia juu hadi chini na ile miwani yake ya kuonea vijisaa.  Kasema, mwandiko kama wa kitabu. Akaondoka nayo.

Jumamosi, 18 Mei

Imebandikwa. Iko juu ya meza, mkabala na kiti changu, kwa hiyo saa tatu nzima nimekaa nikiitazama. Ile kumi ina ukubwa wa kidole gumba. Hakuna aliyeiona. Watu wanatazama jumla kule chini, na jumla inasema mia moja.

Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Nilisema, Fundi, kuna jambo kwenye karatasi yangu. Kasema subiri kwanza tutoke pangoni, usinivunjie msisimko. Nikamgeukia Nesi, nikaanza tena. Nesi kasema dada, nimeshinda wodini na mgonjwa aliyenitukana tangu asubuhi, hapa ndipo napumulia, rusha dadu. Nikarusha. Ikashikilia. Wakashangilia, na mimi nikashangilia.

Bado tumo pangoni. Fundi kasema kutoka kunataka Ngao ya pili ya kiwango cha tano, ya kutokea nje, ili mbili zisukume jiwe kwa pamoja. Wote wakaniangalia, nitoe ushauri. Nikasema hesabu ya kiwango cha tano si ndogo. Ndiyo sentensi pekee ya kweli niliyosema leo.

Jumatano, 22 Mei

Kaka ameniongelesha.

Nilikuwa jikoni nachambua mchele. Akavuta kiti, akakaa, akawa anasugua mikono kama ana baridi. Akasema ulikuwa sahihi. Akasema kilichomuuma si kukataliwa, ni kwamba nilikuwa sahihi na yeye mkubwa mzima anaomba mbele za watu. Akasema Kipara ndiye alikuwa anamtoa nyumbani. Ila kajipanga, anatengeneza mhusika mpya, Jumamosi anakuja. Halafu akasema, nisamehe mdogo wangu.

Yeye. Ananiomba mimi msamaha.

Nilifungua mdomo. Kweli niliufungua, maneno yalishafika kwenye meno. Mama akaingia, akatukuta tumekaa meza moja, akainua mikono juu akasema sasa spika anastaafu. Kaka akacheka kile kicheko cha kukohoa. Ungekuwa wewe ungesema?  Nilirudi kwenye mchele wangu, nikawa natoa mawe na punje nzima pamoja.

Ijumaa, 24 Mei

Kesho nasema. Kabla hata sijakaa. Nitaingia, nitanyoosha kidole ukutani, basi.

Jumamosi, 25 Mei

Naandika hapahapa mezani. Wanadhani napiga hesabu.

Nilichelewa. Dirisha la mteja lilitaka kupimwa upya, na nilipofika kaka alishawahi. Kanyoa ndevu, kavaa shati la kunyooshwa. Ile saa ya ukutani imeondolewa kitini. Nesi alikuwa anamsimulia mambo ya pango na yeye anacheka. Nilishindwa kunyoosha kidole. Nikakaa.

Fundi kasema mhusika mpya yuko nje ya pango, juu ya kifusi, anachimba. Kasema leo leo tunatoka, kilichobaki ni saini ya Mahesabu tu.

Kaka kanisogezea karatasi yake kwa mikono miwili. Imeandikwa vizuri, mistari ya rula. Nikaanza juu. Mbio, kiwango cha tatu, kumi na mbili. Sawa. Mikono Myepesi, kiwango cha nne, ishirini. Sawa. Ngao, kiwango cha tano, kumi.

Jumla mia moja.

Nimeisoma mara tatu. Kaka kainama karibu, ananong'ona kama mtoto aliyepata zawadi. Anasema alipita hapa jana baada ya kazi, akaomba Fundi amfungulie, akaambiwa pangoni inatakiwa Ngao ya kiwango cha tano, akaiga gharama yake kwenye karatasi yangu ukutani, ili safari hii asinipe shida. Anasema alishangaa Ngao kuwa rahisi, kichwani mwake alikuwa na thelathini. Akajua ni yeye hajui kujumlisha.

Nikitia saini, tunatoka wote. Tutakuwa wawili wenye pointi za wizi na mmoja wetu hajui. Nisipotia, nitaulizwa kwa nini, na jibu limebandikwa juu ya kichwa chake.

Nesi anasema rusha basi, dari inanikalia kichwani. Fundi anasema Mahesabu, leo unahesabu nywele za Kipara? Wanacheka. Kaka hacheki. Ananiangalia usoni. Ananijua tangu natambaa.

Kaniuliza kwa sauti ya chini, nimekosea?

 Penseli yangu inaandika humu, ndiyo kisingizio changu, ikisimama itabidi niseme.

Kasema basi, nimekosea, usijali, nionyeshe wapi. Hana hasira. Ameomba raba kwa Nesi. Ameivuta karatasi yake kutoka mkononi mwangu, na sasa hivi anafuta ile kumi yake polepole isichanike, anapuliza vumbi la raba, penseli kashaishika, anasubiri nimwambie iandikwe ngapi.