Matundu Kwenye Majani ya Zamani

Shika Adabu, Likoni
4 Mei 2025

Mwanangu Salha,

Assalamu alaikum. Natumai wewe na wanao mu wazima. Mimi moyo umechoka. Daktari amenieleza kwa upole kwamba nihesabu majuma, si miezi. Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Ndiyo maana nimempa barua hii jirani yangu Menza, ambaye hupita Miritini na lori lake.

Tangu nianze kulala mchana kutwa, tangi letu la samaki liko mbele ya macho yangu. Nimeshindwa kuitilia mbolea mimea iliyomo, na majani yake ya chini yametoboka matundu madogo kama ya sindano, kingo zikageuka manjano. Nikakukumbuka mwaka 2003, ukiwa kidato cha pili, mimea yako ya mashindano ya sayansi ilipofanya vivi hivi humu humu tangini.

Nilikuambia ni upungufu wa madini ya chuma. Ukanijibu, "Baba, chuma kikipungua huanza kupauka majani mapya. Haya ni ya zamani. Imekosa potasiamu. Kisima chetu kina chumvi, tunatumia maji ya mvua, na ya mvua hayana kitu." Nikasema mwalimu wa kemia nyumba hii ni mmoja. Nikakutilia alama ya kosa kwa wino mwekundu, ukurasa mzima wa daftari lako. Na waamuzi waliponiuliza, nikawaambia umekosea. Ukatolewa, ukaiacha kemia, na baina yetu zikabaki salamu tu.

Sasa usilolijua. Baada ya juma moja, ulipokwenda kwa nyanyako, nilitia potasiamu tangini. Majani mapya yakatoka mazima. Nilijua, Salha, nikanyamaza. Kisha nikawafundisha wanafunzi jambo hilo miaka tisa bila kukutaja, na wageni walipolisifu tangi nikazipokea sifa. Huo ni wizi, na mwizi ni mimi.

Sikuombi unisamehe kwa barua moja. Nimetaka ulisikie kwangu nikiwa hai.

Babako,
Mwidani

Miritini
21 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Pole kwa maradhi.

Barua yako niliisoma langoni mwa yadi ya makontena, kisha nikaandikia malori karatasi zao hadi jioni bila kujua nilichoandika. Miaka ishirini na miwili nimeamini sina kichwa cha sayansi. Binti yangu akiniletea swali la kemia humwambia, "Mwanangu, mimi hayo siyawezi." Siku hizi zote nimekuwa nikijiuliza nitamwambiaje sasa. Neno la msamaha sijalipata, na sitaki kukudanganya kwa kuwa u mgonjwa.

Lakini mimea haina kosa. Nimempa Menza salfeti ya potasiamu kutoka duka la pembejeo. Ayeyushe vijiko viwili vya chai katika chupa ya nusu lita, atie vifuniko viwili kila Jumamosi na Jumanne. Chuma asikiguse. Majani yaliyotoboka hayatapona, mtazame yanayochipuka.

Mwanao,
Salha

Shika Adabu, Likoni
8 Juni 2025

Mwanangu Salha,

Assalamu alaikum, na Idd njema ingawa imepita. Anayeandika ni Menza, mkono wangu umekataa. Asema nikueleze hati hii mbovu ni yake, isije ikadhaniwa ni ya mwalimu.

Alianza kutia mbolea Jumamosi ya tarehe 24. Tumefuata maelezo yako kama wanafunzi. Yamechipuka majani mawili, ila bado yamejikunja, siwezi kuyasoma.

Nakuletea daftari lako, nililiweka kabatini miaka yote. Ile alama ya kosa nimeifuta, nikatia ya sahihi. Hapo kalamu niliishika mwenyewe. Nimekupa tisa kwa kumi: hukuandika mtu angoje siku ngapi ndipo ajue kama mbolea imefaa.

Pumzi haitoshi kwa mengi.

Babako,
Mwidani

Miritini
10 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Daftari limefika. Alama yako imetetemeka hadi nje ya mstari, na tarehe chini yake ni ya mwezi huu. Ungeweza kuandika ya 2003. Nimefurahi hukuandika. Menza anasema alitaka kukushika mkono ukamfukuza, "Toka, huu ni mtihani wangu."

Ile alama moja umenikata kwa haki. Jibu ni siku ishirini na moja, nazo zinatimia Jumamosi hii. Nimeomba ruhusa kazini. Nitakuja na binti yangu, na nataka umwoneshe wewe, kwa kidole chako, pa kutazama kwanza. Mwambie Menza asiyakunjue majani hayo kwa nguvu. Wala usiniandikie yametokaje. Nitayaona ukiwa kando yangu.

Ningojee, Baba.

Mwanao,
Salha