Tangi Lililooshwa Mno

Mpendwa Mama Kendi,

Samaki wako wamekufa. Naanza na hilo kwa sababu najua ungewaulizia hao kabla ya kuniulizia mimi, na mimi sijawahi kuweza kuficha habari mbaya katikati ya salamu. Wamekufa wote, hata yule mwekundu mwenye mkia uliochanika, uliyemwita Mzee wa Kanisa kwa jinsi alivyopita akikagua kila kona.

Unaikumbuka siku ulipolileta hilo tangi? Mwalimu mwenzako alikuwa amepata uhamisho akakuachia, nawe ukalibeba kutoka shuleni hadi hapa nyumbani Kaaga likiwa limefungwa kwa blanketi la Kendi. Mimi nilikuwa nimetoka bucha, aproni bado ina damu, na nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwetu Kiritiri samaki hakuwa hata kitoweo. Wazee walimhesabu pamoja na nyoka. Sasa wewe unamleta sebuleni akae kama mgeni wa heshima. Nilikuuliza kama ni wa kula ama ni wa kuangalia. Ukanijibu kwamba ni wa kunifundisha kunyamaza.

Sikufundishika haraka. Mbuzi namjua. Nampapasa mgongo, namtazama jicho, na hapo hapo nakwambia kama ni mgonjwa ama ni mvivu tu. Samaki utampapasa wapi? Lakini jioni nikishafunga bucha nilijikuta kwenye kochi kando yako, wewe unasahihisha madaftari, pampu inanguruma polepole, na nusu saa inapita sijasema neno.

Kitu kimoja tu kilinikera. Ile sponji ya chujio ulikuwa huioshi ikatakata. Uliikamua mara mbili tu ndani ya beseni, kwa maji yaleyale machafu uliyoyachota kwenye tangi, kisha ukairudisha ikiwa bado nyeusi. Mimi nasugua meza ya bucha kwa maji ya moto kila siku ya Mungu, basi nilikuwa naona aibu wageni wakija. Ukaniambia, "Baba Kendi, humo ndani mnaishi vidudu vinavyokula sumu ya choo cha samaki. Ukivimaliza, umewaua samaki." Niliitikia kwa kichwa. Nilidhani ni mambo ya walimu.

Siku tuliyokupeleka Kiritiri kukuzika, akina mama wa kanisa walibaki hapa kupika na kusafisha. Unawajua. Nyumba yenye msiba haiwezi kukutwa na vumbi wao wakiwepo. Walifua mapazia, wakapiga sakafu deki, wakasugua sufuria mpaka zile nyeusi za chini ya sinki. Niliporudi, Mama Mwenda alinishika mkono akanipeleka kwenye tangi.

"Tumekuoshea hata hii sanduku ya samaki," akasema. "Ilikuwa na uchafu mingi sana, Baba Kendi."

Kioo kiling'aa, mawe yalikuwa meupe, sponji ilikuwa ya njano kama siku ya kununuliwa. Walikuwa wameosha kila kitu kwa sabuni ya unga, kisha wakajaza maji ya mfereji moja kwa moja, yenye ile dawa ya mjini ya kuua vijidudu. Samaki walikuwa juu kabisa wakitweta. Na mimi nimesimama pale na kofia mkononi. Ningemwambia nini mwanamke aliyelia juu ya jeneza lako, kabla hatujaondoka, kuliko hata dada zangu? Nilimwambia asante. Asubuhi niliwazika chini ya mgomba.

Tangu hapo nimejaribu, Mama Kendi. Nilisuuza yale mawe mpaka vidole vikakunjamana, nikayaanika juani, nikakinga maji kwenye ndoo na kuyaacha wazi siku kadhaa kama ulivyokuwa ukifanya. Maji yakawa maangavu, nikafurahi kama mjinga, nikaenda mjini nikanunua samaki wanne. Hawakumaliza wiki. Maji yalikuwa safi lakini hayakuwa na kitu chochote ndani yake cha kuwasaidia, na hilo ulikuwa umeniambia.

Kendi alipiga simu kutoka Nairobi akanisikia nikilia. Mtoto aliogopa. "Daddy, wacha tu hiyo tank. Hizo ni samaki tu," akasema. Nilipokataa tukaelewana hivi: nijaribu mara moja ya mwisho, na wakifa tena, anakuja kulichukua tangi, ananichukua na mimi nikakae kwake. Ni mapenzi, najua. Lakini nikitoka humu sitarudi, na humu ndimo ulimokuwa.

Kwa hiyo nilikwenda shuleni kwako. Lile tangi jingine uliloliweka kwenye darasa lako bado liko, na mwalimu aliyekurithi hajaliosha, kwa sababu ulimkataza. Nilimweleza yaliyonipata. Alikata kipande cha sponji yake, cheusi ti, akakitia kwenye mtungi wa maji, akanikabidhi. "Chukua hii uchafu ya madam," akasema. Nilikuja nao nyumbani nimeukumbatia, nikakiweka kile kipande ndani ya chujio, nikawasha pampu, nikaacha tangi bila samaki kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Mama Mwenda alipita siku moja akatazama maji yanayozunguka bure, akanitazama mimi, akaniachia chapati.

Leo baada ya ibada nimemtia samaki mmoja. Ni mdogo, wa rangi ya chungwa, naye ni wa kutoka darasani kwako. Amejificha nyuma ya jiwe. Nimemwekea chakula, hajakigusa. Sijui kama anaogopa, kama anapumzika, ama ndiyo anaanza kufa. Sina mgongo wa kupapasa. Nilitaka kumbadilishia maji, nikajizuia. Nilitaka kugonga kioo asogee, nikajizuia. Mikono yangu hii mikubwa, Mama Kendi, haina kazi yoyote hapa.

Ilikuwa hivihivi hospitalini, siku ya mwisho. Nilikupangia mito, nikaipangua, nikafungua dirisha, nikalifunga. Nilikuuliza nifanye nini. Ukaniambia, "Usifanye kitu. Kaa tu hapo nikuone."

Basi nimevuta kiti, nimekaa pale anapoweza kuniona.

Pumzika, mama. Najua Kiritiri kuna joto na hukulipenda.

Mume wako,
Baba Kendi