Stesheni Tumeihamisha, Nasieku

Supa, rafiki yangu; nakusalimu kwa Kimaasai chako.

Stesheni ya treni tumeihamisha. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa mtu wa kungoja salamu ziishe.

Unakumbuka mchoro wangu wa kwanza? Paa lote la vioo, kama duka kubwa la Nairobi, kwenye ule uwanja tambarare nje ya Kitengela. Bosi aliupenda, nami nikatembea wiki nzima kama bibi harusi. Kisha wewe ukarudi kutoka kupima ardhi, viatu vimejaa vumbi, ukachukua penseli ya bluu na kuchora mstari katikati ya jukwaa langu la abiria. Ukasema, "Nekesa, hapa maji hupita. Wewe huoni kwa sababu hujawahi kuwa na ng'ombe."

Nilikasirika. Ulikuwa mwaka wa pili wa ukame. Nikakujibu kwamba sisi watu wa Bungoma ndio tunaojua mvua. Ulicheka mpaka mhasibu akaja kuuliza kuna nini. Ulipotoka kwenda kula, nilichukua raba nikaufuta ule mstari. Sikuwahi kukuambia.

Halafu ukaugua, na mambo yakaenda haraka. Tulikuzika kwenu Kajiado, ardhi ikiwa ngumu kama saruji. Nilirudi ofisini, nikaketi mkabala na meza yako, nikamalizia vioo vyangu.

Ndipo mvua ikaja. Siku ya tatu bosi alitaka tukauone uwanja. Nasieku, maji yalikuwa yanapita pale pale uliposema, yanafika magotini, yametulia kama mtu aliye kwake. Kuku wa jirani walikuwa wamejipanga juu ya ua wakitutazama. Ule udongo mweusi ulivuta kiatu changu kimoja ukakataa kukirudisha. Nikasimama na soksi, nikamwambia bosi, "Nasieku alituonyesha. Mimi ndiye niliyeufuta mstari wake."

Nilijua naweza kurudi nyumbani bila kazi. Bosi aliangalia wale kuku, kisha akauliza wewe ungeiweka wapi. Hilo nililijua, maana ulikuwa umenionyesha kwa kidole: kule kwenye mwinuko, penye migunga.

Basi iko huko. Nilichora upya kila kitu. Kuta ni za mawe, zina matundu chini ili upepo uingie na mengine juu ili joto litoke. Paa ni la mabati, tabaka mbili zilizoachana, na limetokeza mbele kiasi cha kuwakinga abiria na jua la saa nane. Maji ya mvua yanateremka kwenye tangi lililo chini ya ardhi; ndiyo yanayosafisha vyoo na kunywesha miti. Mgunga hatukukata hata mmoja. Mashine ya kupoza hewa hakuna, na hakuna aliyeiulizia. Shida ni kwamba watu wasiosafiri popote wanakuja kupumzika humo, na mbuzi pia. Askari wa lango alichoka kuwafukuza, siku hizi anawaita kwa majina.

Mama yako alikuja siku ya kufunguliwa, amevaa shanga zake zote. Nilimkalisha kwenye benchi penye upepo nikamsimulia yote, hata ya raba. Nilidhani atanichukia. Akanishika mkono akasema, "Huyo alikuwa mbishi tangu tumboni. Sasa umemjua." Tukacheka, tukalia kidogo, tukanywa chai.

Nakukosa zaidi saa za chakula. Hakuna tena wa kuniambia ugali wangu umepimwa na fundi mbaya.

Sasa nimepewa kuchora soko la Kiserian. Nakuahidi sitagusa karatasi kabla sijazunguka kiwanja pamoja na wafugaji, na wakisema nisilolipenda, nitawasikiliza mpaka mwisho.

Olesere, Nasieku; kwaheri kwa lugha yako. Pumzika vizuri. Jumapili naenda kwa mama yako. Ameagiza nifike na njaa.

Wako,
Nekesa