Ulimsemea Deo Apewe Bastola

Mwanangu Saidi,

Leo sina salamu nyingi. Nakuuliza tu kama unakula vizuri, na kama baridi ya huko Midrand haikuumizi goti, halafu niseme lililonikaa rohoni. Barua hii siifungi. Atakayetaka aisome, maana jengo zima hapa Berea lilijua ulichofanya kabla yangu mimi mama yako.

Juzi aligonga mlango askari mmoja, mwanamke mpole tu. Alikuwa anazunguka kuuliza majirani habari za Deo, mtoto wa Mama Deo wa mlango wa pili. Ile miaka mitano aliyokatazwa na mahakama kumiliki silaha imeisha, sasa ameomba aruhusiwe tena, apate kazi ya ulinzi wa kubeba bastola. Nikamwambia, "Dada, umekuja kwa mama wa yule aliyepigwa risasi na Deo." Akaniangalia kwa huruma. "Najua, Mama. Lakini mwanao mwenyewe ameshamsemea. Anasema Deo amebadilika."

Mama Deo alikuwa koridoni anaanika nguo. Akainamisha uso. Nikajua naye anajua.

Saidi, umesahau? Wewe na Deo mlikula sahani moja, mkigombania ukoko wa wali wangu mpaka nawapiga mwiko. Halafu ile sherehe ya ghorofa iliyo chini yetu, yeye na bastola ya mjomba wake, eti anatisha watu tu, aonekane mwanamume. Risasi ikaishia kwenye goti lako. Lifti ilikuwa imekufa. Tulikushusha kwenye blanketi, mimi nimeshika upande wa kichwa, Mama Deo upande wa miguu, analia kuliko mimi. Mji mzima ulipokuwa unapuliza vuvuzela za Kombe la Dunia, wewe ulikuwa na magongo, kutoka kitandani mpaka dirishani. Nikisema, "Hatua moja tena, baba," unanijibu, "Eish, Mama, wewe kocha mbaya." Tunacheka wote wawili.

Na kule hospitali uliniambia nini? Ulinishika mkono: "Mama, huyu asishike bunduki tena. Katika hili tuko wawili." Nikakaa kwenye neno lako. Mama Deo akileta chakula, narudisha bakuli limejaa. Mwanamke aliyekubeba, nikamnyima salamu miaka yote hii, kwa ajili ya neno lako.

Juzi askari alipoondoka nikakupigia simu, ukasema, "Mama, sheria inamruhusu kuomba. Ana mtoto. Akilinda geti na rungu, mshahara haufiki popote. Mimi nimeshamsamehe."

"Lini?"

"Mwaka jana."

Mwaka jana! Kumbe mnakutana huko Midrand, mnakunywa soda. Jumapili unakuja kwangu, unakaa unanisikiliza namlaani Deo, unaomba chumvi.

Hapo ndipo uliponikata. Sio msamaha. Goti ni lako, samehe. Lakini uliweka mzigo wako chini, ukaniacha nibebe wangu, hukuniambia kwamba nimebaki peke yangu.

Mimi pia nina macho. Deo ananibebea mtungi wa gesi ngazi zote, anauacha mlangoni, anaondoka bila kungoja asante. Kazi apate, mtoto wake ale. Lakini mlango ukigongwa kwa nguvu bado naruka, mikono inatafuta lile blanketi. Hilo hukumwambia askari, kwa sababu hukuniuliza.

Alhamisi yule askari anarudi kusikia langu. Nitamwambia yote mawili: kwamba Deo wa leo ni mtu wa heshima, na kwamba sitaki aguse bastola. Siwezi kumsingizia, na siwezi kusema siogopi. Wao waamue. Wewe ukiwa na la kuongeza, njoo uniambie mimi kwanza, usoni.

Mama Deo nimemsalimia asubuhi ya leo. Aligeuka nyuma kuangalia nani anasalimiwa.

Lifti bado mbovu. Panda polepole, usijikaze. Mguu wako ule mmoja unaoukokota nausikia tangu ghorofa ya pili, na kabla hujagonga nitakuwa nimeshafungua. Hasira yangu utaikuta mezani. Na ukoko pia.

Ni mimi mama yako, uliyemwambia tuko wawili.