Ndengu Zetu na Konea ya Marehemu

Jumanne, 3 Februari

Wakazi wote wa Tawa na viunga vyake wajulishwe: leo fundi Muthoka, mshonaji wa nguo, yaani mimi, ameshinda na shati alilovaa mishono nje. Wateja wameona. Wamelipa, wakaenda zao.

Mke wangu Mbithe ameniwekea matone ya jicho kama kawaida. Wiki kadhaa sasa tangu nishonewe konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ya marehemu nisiyemjua. Tayari natunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Nimewaonyesha wateja wote, hata waliokuja kuuliza njia tu.

Alhamisi, 5 Februari

Mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, leo ulikuwa kwetu. Majirani wamekuja kutupuria ndengu. Mbithe ameniamuru nikae ndani, mbali na vumbi, kisha akaenda jikoni na akina mama. Nimekaa.

Jirani yangu Kimeu akapaza sauti uani: "Baba Mwende! Umekuwa bibi harusi siku hizi?"

Wamecheka sana. Nami nimecheka. Haikunifurahisha.

Jumapili, 8 Februari

Jicho linawaka. Mwanga unachoma. Nimevaa miwani nyeusi kanisani, pasta akadhani ni maringo. Matone nimejiwekea mwenyewe. Nimemwambia Mbithe najifunza kujitegemea. Naogopa.

Jumatatu, 9 Februari

Asubuhi Mbithe amenivua miwani. Ametafuta tu viatu vyangu.

Hospitali wameona kidonda cheupe kwenye konea mpya. Maambukizi. Wamekwangua kidogo, wakapeleka maabara. Daktari, msichana mpole, ameuliza: "Mzee, kuna kitu kiliingia?"

Mbithe ameketi pale. Nikasema vumbi la barabarani.

Nimelazwa. Dawa kila saa. Konea inaweza kupotea, pengine jicho lote. Sikubali. Nitaweka hizo dawa hata nikisinzia.

Jumatano, 11 Februari

Kidonda kimepanuka. Vidole vyangu sivioni vizuri.

Mbithe ameomba kwa sauti kando ya kitanda. Amemshukuru Mungu kwamba mume wake alimsikia akabaki ndani siku ya ndengu. Hiyo sala imeuma kuliko jicho.

Alhamisi, 12 Februari

Ilivyokuwa hasa ni hivi. Kimeu aliponitania nilitoka. Nani hukaa ndani mwethya ukimfanyia kazi? Nilichukua ungo nikapepeta. Kifuniko cha jicho nilichopewa hospitali kilinitoa jasho, nikakivua. Makapi yakaingia. Nikaliosha jicho kwa maji ya mtungi, yale tunayochimba kwenye mchanga wa mto. Kisha nikarudi ndani, nikaketi kama mtakatifu.

Leo nimemweleza daktari yote, Mbithe akisikia.

Daktari ameacha kuandika. "Makapi? Basi hii inaweza kuwa kuvu, mzee. Dawa tuliyokupa haiui kuvu." Amebadilisha dawa papo hapo bila kungoja maabara. Kama itawahi, hajui. Siku tatu hizi nimezipoteza mimi, hakuna mwingine.

Mbithe alisimama dirishani muda mrefu, amenipa mgongo. Halafu akanawa mikono, akafungua chupa mpya.

"Angalia juu," akasema.

Nikaangalia juu.