Kadi Niliyoichagua Mimi

Baba Ikram,

Maharage yako kwenye sufuria ya kijani, yapashe moto tu. ~~Ndizi nimekumenyea.~~ Ndizi utamenya mwenyewe. Ikram akitoka madrasa aoge kwanza. Kompyuta msiiwashe, nimeiacha wazi.

Nimepanda basi la Bukoba, narudisha ile kadi ya grafiki uliyoninunulia jana. Wiki tatu nilitafuta kadi ya mtumba ya bei nafuu, fupi, isiyohitaji waya wa umeme wa ziada, ili gemu langu la malori liache kukwama. Nikakuandikia jina lake kwenye karatasi. Wewe ukaniletea dude refu lenye feni tatu. Asubuhi umeniona nikihangaika nalo: boksi la kompyuta halifungiki, na waya linaoutaka kompyuta yangu haina.

Nilipokuuliza karatasi yangu iko wapi, ulijibu huku unakunywa chai, "Muuzaji aliisoma akacheka, akasema hiyo ni ya watoto. Nikaona yeye ni fundi, anajua kuliko wewe."

Nani alifufua kompyuta ya duka lako Ramadhani iliyopita? Ulisimama pale pale ukinishikia tochi. Lakini mbele ya yule bwana uliona aibu kusema, "Mke wangu ndiye aliyechagua." Ungesema hayo tu, leo nisingekuwa barabarani.

Akikupigia kuuliza kama umenituma, mwambie hukunituma. Mwenye kompyuta amekuja mwenyewe.

Mama Ikram