Safari ya Krakovu ya Watu Wawili

Eden Prairie, Minnesota
Desemba

Dada yangu mpenzi Mwanaidi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Vipi goti la Mama? Je, Baba ameacha kubishana na daktari? Sisi huku tu wazima, Alhamdulillahi, ila baridi imeshaingia ndani ya mifupa na theluji imezika ngazi za mlangoni. Asubuhi ukivuta pumzi, unasikia nywele za puani zikigandana. Usicheke, ndivyo ilivyo.

Leo sikuandiki kulalamika. Nina furaha mpaka usingizi haunijii vizuri. Mwezi ujao mimi na Athumani tunakwenda Krakovu, mji wa kale kule Poland. Tunakwenda kutembea tu, Dada. Hakuna msiba, hakuna harusi, hakuna mgonjwa wa kutazamwa. Kazini kila niliyemwambia aliniuliza kama nimerukwa na akili, maana wenzangu wakitoroka baridi huenda Florida kwenye jua. Mimi natoka kwenye theluji naifuata theluji nyingine! Hata binti yangu Nasra alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto hawa siku hizi, kwamba tungemuuliza yeye kwanza.

Aliyenitia wazimu huu ni bibi mmoja ninayemhudumia katika nyumba ya wazee, anaitwa Irena, mzaliwa wa huko. Kila nikimchana nywele hunisimulia habari za kwao. Ananiambia kuna uwanja mkubwa katikati ya mji wa kale, na kila saa mtu hupiga tarumbeta juu ya mnara wa kanisa, kisha huukata wimbo katikati. Kuna ngome ya wafalme juu ya kilima. Nje kidogo ya mji kuna machimbo ya chumvi, na chini huko ardhini wamechonga ukumbi mzima, mpaka taa zake zimepambwa kwa chumvi. Baridi yao, anasema, ukitoka Minnesota utaiona mchezo. Na kwa vile sasa tuna pasipoti za huku, hatuhangaiki na viza, na wakati wa baridi nauli hushuka. Bibi Irena amenifundisha hata jina la nyama ya nguruwe kwa lugha yao, nisije nikaila bila kujua. Nalirudia nikiosha vyombo. Ulimi unanivunjika, lakini siliachi.

Wewe wajua maisha yetu yalivyo. Athumani anaendesha lori la kusambaza mikate usiku, mimi nafanya kazi mchana, na gari letu dogo ni hilo moja. Tunakutana mlangoni, yeye anaingia, mimi natoka, ananipa ufunguo, namwambia chakula kiko wapi. Mambo ya watoto tunaandikiana kwenye simu. Wakati mwingine wiki inapita sijamwona akiwa hana usingizi machoni. Sikuwa na ugomvi naye. Nilikuwa nimeanza tu kumzoea kama mtu ninayepanga naye nyumba, na jambo hilo lilikuwa likinitisha kuliko ugomvi. Ndiyo maana nilimwomba siku chache, mimi na yeye, mahali ambapo hakuna anayetujua. Akakubali palepale. Mama Neema, jirani yetu wa zamani, Mkongo aliyehamia Lakeville, aliposikia aliniambia, "Lete batoto kwangu. Weye na bwana yako muende, mupumuzike."

Sasa sikiliza alichofanya shemeji yako. Tikiti zilipopatikana alifurahi, akazipiga picha, akaiweka kwenye kundi la ukoo wao. Kundi zima, Dada! Sikumaliza hata kunywa chai yangu. Shangazi Rukia akataka shanga za kaharabu, kwa kuwa amesikia Poland ndiko kwenyewe. Mwingine akataka viatu vya ngozi. Na Hamisi, mtoto wa Shangazi Rukia aliye Ujerumani, akaandika kwamba Krakovu kwake ni mwendo wa gari tu, anakuja na mkewe, watoto wanne na mama mkwe. Kabla ya jioni alikuwa ameshatafuta nyumba kubwa ya kutosha sote, akaniagiza mimi niende na bizari ya pilau.

Athumani akamjibu, "Karibuni sana."

Humjui Athumani kama huyajui maneno hayo mawili. Tangu nimwoe, au tuseme anioe, sijawahi kumsikia akimwambia ndugu yake hapana. Watu wamelala sebuleni kwetu miezi na miezi. Na mimi simchukii Hamisi, ni mtu mwema, mcheshi. Lakini niliona wazi jinsi itakavyokuwa: mimi na mke wa Hamisi jikoni, wanaume wanazungumza siasa za Mombasa, watoto wanalilia chipsi, na mji wote wa Bibi Irena tunautazama dirishani.

Sikupiga kelele. Nililichukua koti nililokuwa nimelinunua kwa ajili ya safari, nikalirudisha kabatini. Nikamwambia, "Basi nenda na Hamisi. Mimi nitabaki na watoto." Sikuwa natania, Dada. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimeshajua kwamba nikiikosa safari hii sitaomba nyingine.

Siku kadhaa tulipeana ufunguo mlangoni tukiwa tumenuna. Kisha Jumapili, mimi nikiwa jikoni nachoma chapati, akaja akaketi mezani, akampigia Hamisi, akaiacha sauti ya simu wazi nisikie. Walisalimiana, wakaulizana hali, wakataja mpira. Nikajua ameshindwa tayari.

Halafu akasema, "Ndugu yangu, nakuomba msije."

Hamisi akadhani ni mzaha. Akauliza kama tumegombana.

"Hatujagombana. Unaikumbuka harusi yangu? Fungate sikuimaliza. Siku ya tatu nilikuwa kwenye ndege. Sasa nakwenda kuimaliza, na mke wangu. Wewe mtu mzima, wamjia mwenzio fungateni na mama mkwe?"

Kisha Hamisi akaangua kicheko, na nyuma yake nikamsikia huyo mama mkwe naye akicheka. Akasema, "Basi, ndugu yangu, mlango tumeufunga sisi wenyewe kwa nje." Hakuna tena aliyejadili. Nani atabisha hodi kwenye fungate?

Dada, chapati iliungua na wala sikuijali. Wewe ndiwe uliyekuwa ukituletea sinia mlangoni siku zile, unaiweka chini na kuondoka bila kuchungulia. Unakumbuka ile ya mwisho ilivyorudi nzima, kwa sababu kazi ilimwita mapema na bwana harusi akaondoka siku saba hazijatimia. Nilikaa miaka miwili chumbani kwa Mama nikisubiri karatasi zangu. Tangu nifike huku hatukuwahi kulitaja jambo lile, hata siku moja. Nilidhani limenikaa mimi peke yangu. Kumbe naye alikuwa nalo miaka yote hiyo. Nililia pale jikoni, naye akaja akaushika mwiko akageuza chapati iliyofuata, vibaya, ikakunjamana. Tuliila hivyo hivyo.

Koti limetoka kabatini. Nimelijaribu mara nyingi mbele ya kioo mpaka watoto wananicheka.

Sasa kazi yako. Shangazi Rukia atakuja hapo nyumbani na buibui lake limekaa upande, aseme tumemkatalia mwanawe. Mkaribishe, mpe kahawa, mweleze sababu kwa sauti ya chini. Atanyamaza. Na shanga zake za kaharabu nitamletea, mwambie.

Nisalimie Mama na Baba, na shemeji, mume wako mvumilivu. Msalimie mjomba fundi cherehani, na dada wa nyumba ya pili aliyenipaka hina. Watoto wabusu wote.

Salamu za somo wangu, Bi Mwanamkuu aliyenifunda nilipoolewa, usizitume kwa mtu. Nenda mwenyewe, ufunge mlango, umwambie mwari wake hajasahau alichofunzwa, na kwamba mume amerudi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Zuhura